Mkono wa Darryl Mgongoni Mwangu

Jumamosi, 1 Juni

Mvua: hakuna. Upepo wa kaskazini.

Tisa! Nimefunga mabao tisa! Mimi, Kelvin Noske, miaka thelathini na sita, magoti mawili mabovu, mke anayenichua mgongo kila Jumamosi kama anayekanda unga. Tisa dhidi ya mji jirani wa Kulwarra, tena mbele ya Darryl Mibus. Naandika tena ili nilifurahie neno. Tisa.

Miaka kumi na moja nimesimama na Darryl kwenye kile kisanduku mbele ya milingoti. Mimi mshambuliaji wa mwisho wa Wirrip, yeye mlinzi wa mwisho wa Kulwarra. Miaka yote hiyo sijawahi kumfunga zaidi ya matatu kwa mechi. Mwaka mmoja nilitoka na sifuri na sikio lililochanika. Leo kila mpira ukija juu, yeye kachelewa nusu hatua. Naruka, naudaka mpira wetu wa umbo la yai, refa anapuliza nipige bila kuzuiwa, napiga katikati ya milingoti miwili mirefu, si ile miwili mifupi ya pembeni yenye pointi moja tu — na magari yote yaliyopaki kuzunguka uwanja yanapiga honi. Hata gari la mchungaji!

Mwishoni kanishika shingo, kama kawaida yake. "Unakula nini siku hizi, kibabu?" Nikamwambia dengu za shambani kwangu. Kacheka. Sijui kwa nini nampenda yule mtu. Mara mbili kila mwaka ananifinya mbavu mechi nzima, nikirudi nyumbani nimejaa alama za vidole vyake.

Bron, mke wangu, kasema nisivimbe kichwa, kesho kuna kondoo wa kunyoa.

Jumapili, 2 Juni

Siwezi kuinua mkono wa kulia. Naandika nao hivyo hivyo. Tisa.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua: mm 7. Ashukuriwe Mungu.

Babu aliandika mvua kwenye daftari kama hili, baba naye mvua, mimi mvua na mpira. Daftari linakaa ndani ya pikapu. Bron anajua lipo, halisomi. Anasema maisha yangu ameyasikia ya kutosha kwa mdomo.

Mazoezi leo. Kocha wetu, Lindsay Pohlner, kanisimamisha mbele ya vijana kama ng'ombe wa maonyesho. Kasema: mtu akipotelewa katikati ya uwanja, anyanyue macho, amwone Kelvin. Huo ndio mlingoti wetu wa tano. Wakimrukia watatu na hawezi kudaka, basi na wao wasidake — mpira uanguke, wadogo waokote.

Ndiyo kazi yenyewe. Kuonekana. Kugongwa. Siku nyingine hugusi mpira hata mara mbili na bado umefanya kazi, ila mkeo tu ndiye anayejua, kwa sababu ya zile alama za vidole.

Jumamosi, 13 Julai

Mvua: mm 3. Sakitu asubuhi, bomba la maji ya kondoo limeganda.

Matano. Jumla hamsini na sita. Watu wameanza kulitaja: mia! Hakuna aliyefunga mia kwa msimu hapa Wirrip tangu mwaka niliozaliwa. Ukifika mia, watu wote wanashuka kwenye magari na kuvamia uwanja, wazee kwa watoto, mchezo unasimama mpaka wamalize kukukumbatia. Mzee wa baa kasema ameshamwambia daktari amtunzie moyo wake mpaka Septemba.

Yale tisa mbele ya Darryl ndiyo yaliyonipa moyo. Tangu siku ile naruka kama mwenye miaka ishirini.

Jumamosi, 24 Agosti

Mvua: mm 2 asubuhi. Uwanja laini.

Tumewapiga Kulwarra tena. Nimefunga manane. Jumla themanini na saba. Lakini silo lililonifanya niandike leo.

Robo ya tatu. Mpira uko upande wa pili kabisa, wenzetu wamerundikana topeni. Huo ndio wakati wetu, mimi na Darryl. Ndipo tunapoongea. Kondoo, wake, mvua, mama yake alipoanza kusahau majina, mimi na Bron mwaka ule tulipokaribia kuachana. Yote tumeyaongelea kwenye kile kisanduku, bila kutazamana, macho kwenye mpira, mkono wake mgongoni mwangu. Mlinzi lazima ajue mtu wake alipo.

Leo ule mkono haukutoka mgongoni hata mara moja. Nikageuka. Hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa akitazama kifua changu.

Sijui shetani gani kanituma. Nikaruka! Mpira uko upande wa pili, mimi nikaruka, mikono juu, kama naudaka. Na Darryl karuka nami. Kakunja ngumi, kapiga hewa.

Nikacheka. Nikadhani ananitania. Kisha nikamwona anaangalia chini, huku na huku, anatafuta mpira ulikoangukia.

"Umekwenda wapi?" kaniuliza.

Nikasema, "Umetoka nje. Pointi moja tu."

"Afadhali," kasema.

Baada ya hapo nikafunga mengine matatu. Nilitamani nikose. Mguu hauna huruma.

Jumapili, 25 Agosti

Darryl haoni.

Na mimi, cha kwanza nilichokililia alfajiri hii ni mabao yangu. Tisa na manane, kumi na saba, si yangu. Nimeyaokota mbele ya mtu asiyeona. Mtu mdogo wewe, Kelvin! Rafiki yako anapofuka, wewe unahesabu.

Nimekumbuka mwaka alipofariki baba. Tulimzika Jumatano, Jumamosi tukacheza na Kulwarra. Kila mtu uwanjani alinisogelea kwa upole. Darryl, hapana. Hakuniachia hata mpira mmoja, jezi yangu ilichanika mikononi mwake. Mwishoni akanisogelea sikioni: ningekuachia leo ungejua nimekuhurumia, na ungenichukia. Nilikwenda kwenye pikapu nikalia kilio ambacho makaburini hakikutoka.

Basi mimi nimwachieje? Atajua palepale.

Jumatatu, 26 Agosti

Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Basi la shule langoni, limekuja kumchukua mwanetu Merrin. Kwenye usukani — Darryl Mibus!

Miaka sita analiendesha hilo basi. Miaka sita ananipungia mkono kila asubuhi. Na jana kutwa nzima nimemwaza, sikuliwaza basi hata mara moja. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye mpira.

Kanipungia. Merrin kapanda. Wakati wa kugeuza, gurudumu la nyuma likapita karibu mno na nguzo ya lango. Nimesimama pale mpaka vumbi likatua.

Jumanne, 27 Agosti

Nimempeleka Merrin mwenyewe. Nimesema nina shughuli mjini. Sina.

Jumatano, 28 Agosti

Tena. Merrin kauliza, "Baba, umegombana na Darryl?" Nikasema hapana. Nikawasha redio.

Ijumaa, 30 Agosti

Mvua: mm 11! Wala sikuifurahia.

Bron kanibana jikoni. Wiki nzima unapeleka mtoto shule, una nini mjini, mwanamke? Ningekuwa na mwanamke mjini ingekuwa rahisi zaidi kueleza. Nikamwambia yote. Mkono, ule mruko wa uongo, nguzo ya lango.

Kasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Kisha: "Kwa hiyo wetu umemtoa. Na wale kumi na wanne waliobaki, si watoto?"

Nikasema hujui ninachokwenda kumnyang'anya. Basi, mpira, leseni, kila kitu. Mtu mwenyewe hajasema neno. Nani mimi?

Kasema mficha maradhi kifo humuumbua. "Na huyu ana msaidizi wa kuficha."

Mke wangu akisema kweli huwa hapazi sauti. Ndiyo maana inauma. Nitakwenda. Kesho tuna mechi, nitakwenda Jumapili.

Jumamosi, 31 Agosti

Manne. Jumla tisini na moja. Honi. Sikuzisikia vizuri.

Jumapili, 1 Septemba

Nimekwenda.

Nimemkuta bandani kwao, kaingia chini ya mashine ya kuvunia, anakaza nati. Anakaza kwa vidole. Vidole vinatangulia, spana inafuata.

"Umekuja kunichunguza kabla ya fainali?" kasema. Kanijua kwa hatua zangu.

"Nimekuja kwa ajili ya macho yako."

"Umechanua uzeeni, Kel. Kubali tu. Watu wengine huota meno mapya uzeeni."

"Darryl. Jumamosi ile, robo ya tatu, niliruka bila mpira. Mpira ulikuwa upande wa pili. Hamkufungwa pointi yoyote."

Spana ikasimama. Mbwa wao kaja kaninusa viatu, kaondoka.

"Nyoka wewe," kasema polepole. "Nimebishana na kocha wetu siku tatu juu ya ile pointi. Nimemwambia ubao wa matokeo umekosewa."

Tukacheka! Mungu atusamehe, tulicheka mpaka yeye kajigonga kichwa kwenye chuma, mpaka Noelene mkewe katoka jikoni kutazama kuna nini, kaona ni wapumbavu wawili, karudi ndani.

Kisha kaniambia. La kulia limekwisha tangu mavuno: katikati pamebaki doa, pembeni ndiko kunaonekana kidogo. La kushoto limeanza mwezi wa saba. Mjomba wake, kaka wa mama, aliishia hivyo hivyo kabla hajafika arobaini. "Kwa hiyo sihitaji daktari kunieleza," kasema. "Naijua hadithi."

"Noelene?"

"Anajua nahitaji miwani."

Akaniomba nimwache mpaka fainali. Wiki mbili tu. Baada ya hapo atakwenda mji wa Horsham kwa daktari wa macho, atafanya yote, atakubali yote. Nikasema fainali ni mifupa yako, vunja utakavyo. Lakini kesho saa moja utakuwa barabarani na watoto kumi na watano.

Kaniangalia — pembeni yangu kidogo, begani. Sasa najua kwa nini.

"Toka kwangu," kasema.

Nimetoka. Nimeendesha kilomita thelathini na mbili bila kubadilisha gia ipasavyo. Bron kaniuliza imekuwaje. Sikuweza kula. Kesho asubuhi, asipobadilika, nitalazimika kupiga simu shuleni. Namba nimeiandika nyuma ya daftari hili. Sijawahi kuchukia namba kiasi hiki.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimesimama langoni na Merrin tangu saa moja na nusu. Simu mfukoni. Vumbi likaonekana mbali.

Basi likasimama. Mlango ukafunguka. Noelene!

Alikuwa na leseni ya basi kabla hajazaa, nilishasahau. Kashika usukani kwa mikono miwili, macho mekundu. Merrin kapanda kama siku zote, kamsalimia, kaenda kwa wenzake nyuma.

"Usiseme neno, Kelvin," kaniambia. Kafunga mlango, kafungua tena. "Hakulala. Saa kumi na moja alfajiri kaniwekea funguo juu ya meza, kaenda kukaa kwa kondoo."

Akaondoka. Nguzo ya lango hakuikaribia hata kidogo. Nikarudi ndani nikamwambia Bron, nikala mayai manne.

Jumamosi, 7 Septemba

Mvua: hakuna. Ngano imefika magotini.

Nusu fainali tumeshinda kwa pointi mbili. Matatu yangu. Tisini na nne. Jumamosi ijayo fainali, na nani mwingine? Kulwarra.

Darryl hajanipigia. Mimi sijampigia.

Alhamisi, 12 Septemba

Mji umerukwa na akili. Wamechora 100 kubwa kwa rangi nyeupe kwenye ghala la nafaka. Kina mama wa klabu wameoka keki yenye umbo la mpira, imepasuka katikati kama yai lililoanguliwa, wameiziba kwa jamu. Lindsay kasema Jumamosi hakuna maarifa: kila mpira mrefu, kila mpira kwa Kelvin. Sita tu! Sita, mbele ya mtu niliyemfunga kumi na saba mwaka huu!

Kisha kasoma orodha ya Kulwarra. Mlinzi wa mwisho: D. Mibus.

Nilimvuta pembeni baada ya mazoezi. Nikamwomba aniweke mbali na milingoti, katikati ya uwanja, popote. Kaniangalia kama niliyemwomba achome klabu. "Una wazimu? Umeumia? Umegombana na Bron?" Sikuweza kumweleza. Siri si yangu. Kasema: nenda kalale.

Ninachoogopa nakijua. Darryl ataruka. Hajui kutoruka. Mtu asiyeona goti linalomjia, na Jumamosi yatamjia magoti ya kila aina, yakiwemo yangu. Na nikisimama tu bila kuruka, atajua nimemhurumia. Na nikiruka, nitayapata yale sita, na watu watashuka kwenye magari, watanikumbatia, na yeye atakuwa amesimama palepale kando yangu hajui ni kelele za nini mpaka aambiwe.

Bron kauliza utafanya nini. Nimesema sijui. Kaniwekea mkono kichwani.

Jumamosi, 14 Septemba

Niko ndani ya pikapu, nimepaki nyuma ya milingoti ya kusini. Naandika haraka. Timu zetu za pili, za akiba, ndiyo kwanza zimemaliza, zamu yetu imefika.

Nimemwona akija tangu mbali. Anapita mbele ya magari, anagusa boneti moja, anagusa ya pili, ya tatu. Watu walidhani ni mzaha wa fainali, wakampigia honi. Naye akawa anawainamia kama mfalme. Kafika kwangu, kapapasa bampa, kafungua mlango, kakaa. Jezi ya Kulwarra chini ya koti.

Hatukusalimiana. Tukatazama timu za pili zikicheza. Yaani, nikatazama.

Kisha kauliza: "Nani kaupata?"

Miaka kumi na moja hajawahi kuniuliza hivyo.

Nikamwambia. Wenu, yule mwenye nywele nyekundu. Anakimbia. Kapiga mrefu. "Kwa nani?" Kwa yule mrefu wenu mpya, amerukiwa na wawili. "Kadaka?" Hajadaka, kauangusha, mdogo kauokota — bao. "Safi," kasema. "Hiyo ndiyo kazi yake." Na nikaendelea. Robo nzima nimekuwa redio, koo limekauka. Yeye kaegemeza kichwa nyuma, anatabasamu mahali pasipopaswa, anacheka kabla sijamaliza sentensi. Kuna wakati nilipenga kamasi, nikasingizia mafua.

Kasema kocha wao anajua. Noelene kamwambia. Wamempa robo moja, ya kwanza tu, kisha anatoka, na Jumatano ni Horsham. "Nimelia mbele ya mwanaume mzima kuipata hiyo robo, Kel. Usiichezee."

Nikasema sitaichezea.

"Basi nisikilize. Mpira ukija juu, niambie."

"Nikwambie nini?"

"Unakuja. Neno moja. Mengine niachie mwenyewe."

"Darryl, mimi ndiye mshambuliaji! Fainali! Unataka nikusaidie kunizuia?"

"Ndiyo," kasema.

"Yamebaki sita."

"Najua yamebaki mangapi. Ghala lenu naliona, tarakimu zenyewe zina ukubwa wa nyumba." Kisha kageuka, kanitazama begani. "Na safari hii usinidanganye. Ukija sema unakuja. Usipokuja nyamaza."

King'ora. Kashuka. Hakungoja jibu. Lindsay anagonga boneti, anapaza sauti, njumu, Kelvin, njumu! Nimemwonyesha kidole, dakika moja. Nayataka yale sita. Siwezi kujidanganya humu ndani, hakuna anayesoma. Mwakani nitakuwa na thelathini na saba, na mlinzi mwingine atakuwa ananishika mgongo, mtoto fulani mwenye macho mazuri.

Anaelekea chumba chao. Ameipoteza njia ya magari, amekata moja kwa moja kwenye majani. Pale mbele kuna kamba ya uwanja, imefika magotini, na kila mtu yuko huku akiimba, hakuna anayemtazama.

Nimeteremsha kioo. Nimepiga kelele: "Kamba!"

Kainua mguu, kavuka, hakugeuka.